Gari la spoti la "viti vinne": hivi vile viwili vya nyuma vimetengenezewa nani?

Wakuu,

Nilikaa kimya nikidhani hasira zitapoa. Hazijapoa, kwa hiyo nashusha uzi. Ni mrefu, asiyeweza kusoma apite salama.

Nina gari la spoti la milango miwili, yale wanayoyaandika "2+2" kwenye matangazo: viti viwili vya kweli mbele, na nyuma vingine viwili ambavyo ngoja kwanza nisivitukane. Nina watoto wawili pia. Mkubwa ana miaka mitatu, mdogo hajatimiza hata mwaka. Kabla sijalipa hata senti moja nilimuuliza muuzaji, mume wangu akiwa amesimama pembeni: viti vya watoto vinakaa nyuma? Viwili kwa pamoja? Mmoja bado anatazama nyuma?

Akamjibu mume wangu. Mimi niliyeuliza, mimi ninayenunua, yeye anamjibu mume wangu. "Bosi, hii ina ISOFIX pande zote mbili, watoto watalala kabisa." Akalaza kiti cha mbele, akanionyesha vile vibandiko vidogo vilivyoshonwa kwenye pembe za viti vya nyuma. Vipo. Hilo sibishani nalo.

Sasa nieleweni hapa maana ndipo penye utapeli wenyewe. ISOFIX ni vyuma viwili vilivyochomelewa kwenye bodi la gari, kimoja kiko sentimita 28 kutoka kwa mwenzake. Basi. Vyuma vile vinakwambia kwamba kiti cha mtoto kina pa kung'ata. Havikwambii kama kitapita kwenye upenyo wa mlango, kama kitaenea chini ya kioo cha nyuma kinachoteremka, wala kama dereva atabakiwa na pa kuweka magoti. Muuzaji anaonyesha vyuma, mteja anaona kiti.

Ukweli umeandikwa, ila umefichwa. Chukua kitabu cha gari, nenda kwenye zile kurasa za katikati ambazo hakuna anayefika, utakuta jedwali la viti vya watoto. Limejaa herufi. U ni kiti chochote cha mkanda kinachokubalika kwa wote, UF ni hichohicho ila kitazame mbele tu, IUF ni cha ISOFIX kinachotazama mbele. Halafu kuna X. X maana yake hapo usiweke. Pembeni kuna madaraja ya ukubwa, A hadi G: E ni kile kidogo cha mtoto mchanga, D na C ni vile vikubwa vinavyotazama nyuma, A, B na B1 vinatazama mbele, F na G ni vitanda vya kulaza mtoto kwa ubavu. Kwenye jedwali la gari langu, viti vya nyuma, C ni X. D ni X. E ni X. Yaani vyuma vya ISOFIX vipo, vibandiko vimeshonwa vizuri kwa uzi wa kuvutia, na hakuna kiti hata kimoja cha ISOFIX kinachotazama nyuma kinachoruhusiwa kushikizwa pale. Kitabu nilikabidhiwa siku ya kuchukua gari, kikiwa ndani ya nailoni, pamoja na funguo. Nilipokiomba mapema niliambiwa "kipo ndani ya gari, utakikuta".

Nikampigia muuzaji. Jibu la kwanza: mtoto akifika kilo 9 mgeuze atazame mbele, tatizo limeisha. Hiyo ni hesabu ya R44, kanuni ya zamani ya Umoja wa Mataifa ya viti vya watoto, iliyokuwa inapanga viti kwa kilo. Kanuni mpya, R129, iliyoanza kutumika 2013, inasema mtoto atazame nyuma mpaka apite miezi 15, awe mnene awe mwembamba. Na tangu Septemba 2024 nchi za Umoja wa Ulaya zimesimamisha kabisa uuzaji wa viti vipya vya R44. Sasa mtu anayeuza magari hajui hili? Au anajua na anataka simu iishe?

Sababu si urasimu. Kichwa cha mtoto mchanga ni kizito mno ukilinganisha na mwili wake, na mifupa ya shingo bado haijaungana, sehemu kubwa ni gegedu. Gari likigonga mbele, mtoto anayetazama mbele mwili unazuiwa na mikanda ila kichwa kinaendelea na safari, na kinachokizuia ni ile shingo. Akitazama nyuma, mgongo wote na kichwa vinapokelewa na kiti. Profesa Bertil Aldman wa Sweden alikuwa anajaribu viti vya namna hii ndani ya Volvo mwaka 1964, wazo akiwa amelipata kwa wanaanga waliokuwa wanarushwa wakiwa wamelazwa kwa migongo. 1964! Halafu leo, miaka sitini baadaye, nauziwa gari jipya na mtu anayeniambia "mgeuze tu".

Jibu la pili ndilo lililonifanya nikate simu. "Basi madam, muweke mbele, mbona wengi wanaweka."

Gari langu halina swichi ya kuzima mfuko wa hewa wa abiria. Ile stika kwenye kizuia jua, yenye picha ya kiti cha mtoto kilichopigwa mstari mwekundu, haikubandikwa kwa urembo. Kiti kinachotazama nyuma kikiwekwa mbele, mgongo wake unakuwa umekaribiana na dashibodi. Mfuko ukifumuka, na unafumuka kabla hujapepesa jicho, unakipiga kiti palepale kichwa cha mtoto kilipoegemea. Watoto wamekufa kwa namna hiyo kwenye ajali ambazo watu wazima walitoka wakijifuta vumbi. Na huyu anaitwa mshauri wa mauzo.

Haya, tuseme ISOFIX imekataa, labda mkanda utakubali? Kwenye jedwali, kile kiti kidogo cha mtoto mchanga cha kufungwa kwa mkanda kina U, kwa hiyo nilikuwa na haki ya kujaribu. Viti vya nyuma vya magari haya vimechongwa kama bakuli, kingo zimeinuka, katikati pamezama, na kati ya kiti na kiti kuna tuta la plastiki. Kitako cha kiti cha mtoto ni bapa na kipana. Kwa hiyo kinakaa juu ya kingo, hakigusi chini, ukikisukuma kinayumba kama mtumbwi. Kifungio cha mkanda kiko ndani ya shimo, kati ya ngozi na lile tuta. Unaingiza vidole viwili, cha tatu hakiingii. Nikapitisha mkanda kwenye njia yake, ule wa kiunoni pande zote mbili, ule wa begani kuzunguka mgongo wa kiti. Nikavuta mpaka mashine ya mkanda ikagoma kutoa zaidi. Ulimi wa mkanda ukabaki hewani, upana wa kiganja kutoka kwenye kifungio. Mume wangu akakikandamiza kiti kwa goti, nikavuta tena, ukaingia, "tak". Nikachungulia: kifungio kimepinda na kulalia ukingo wa fremu ya kiti. Hapo hata asiyejua lolote anaona si sawa, maana nguvu ya ajali badala ya kuvutwa na mkanda inakuja kukivunja kifungio. Nikakifungua. Nikakitoa kiti nje nikakiweka chini, nikakitazama.

Na hata kingekaa, kiti cha mbele kilibidi kisogezwe mpaka karibu na mwisho wa reli. Inashauriwa kifua cha dereva kiwe angalau sentimita 25 kutoka katikati ya usukani, kwa sababu ya huohuo mfuko wa hewa. Mimi si mrefu. Kwa kiti kile nyuma yangu nilikuwa naupakata usukani. Tumwokoe mtoto, mama afe?

Mkubwa naye, anayetazama mbele, daraja la B1 ambalo jedwali linaruhusu kwa maandishi kabisa. Vyuma viling'ata vizuri, rangi ya kijani ikatokea pande zote mbili, nikashangilia. Halafu nikaona mwanga unapita kati ya mgongo wa kiti cha mtoto na mgongo wa kiti cha gari. Egemeo la kichwa la gari halitoki, limeungana na kiti, linakisukuma cha mtoto mbele. Na ukipandisha egemeo la kiti cha mtoto kufikia mabega yake, pembe ya juu inagusa kioo cha nyuma. Ina maana akirefuka kidogo tu, kiti hakipandi tena. Ule mkanda wa juu unaozuia kiti kisipinduke mbele, sehemu yake ya kushikiza iko chini ya zulia nyuma ya viti, inabidi ulale kifudifudi ndani ya buti kuifikia. Hiyo nimeisamehe, maana inafungwa mara moja. Kumfunga mtoto mwenyewe ni kila siku: unalaza kiti cha mbele, unaingia nusu mwili, mguu mmoja nje, mlango mrefu kama huu ukiwa umebanwa na gari la jirani kwenye maegesho, unatafuta mikanda kwa kupapasa.

Duka la viti likaniambia niulize waliotengeneza gari. Waliotengeneza gari, kwa barua pepe yenye adabu zote, wakasema niulize waliotengeneza kiti. Waliotengeneza kiti wana orodha ya magari waliyojaribu, na langu halimo. Nikauliza, kutokuwamo maana yake hakifai? Wakasema la, maana yake hawajakijaribu. Kwa hiyo kinafaa? Hawawezi kusema. Nimezungushwa mduara mzima na hakuna hata mmoja aliyetia neno lake kwenye karatasi.

Wakati huohuo tangazo la gari linanipa sekunde za kutoka 0 hadi 100 kwa nukta ya desimali. Upana wa tairi upo. Idadi ya spika ipo. Herufi moja tu ya daraja la kiti cha mtoto, ambayo wameshaipima na kuichapa wenyewe ndani ya kitabu, haina nafasi kwenye tangazo. Mnaona wanachofanya? "Viti vinne" ndiyo inayomfanya mwenye familia aingie dukani. Wangeandika X hadharani, nusu yetu tusingeomba hata kuliwasha.

Mazda MX-5 haina kitu nyuma na haikudanganyi, ni viti viwili, kazi kwako. Na usiniambie haiwezekani, maana Mazda haohao mwaka 2003 walitoa RX-8, gari la spoti lenye vilango vidogo vya nyuma vinavyofunguka kinyume, bila nguzo katikati, ili mtu afike nyuma kama binadamu. Aliyeamua kufikiria abiria wa nyuma alimfikiria.

NIMEONGEZA, baada ya kusoma majibu yenu:

Mnaoniambia "nunua gari la familia", sijauliza ninunue gari gani. Nimelalamika kwamba niliuliza swali la wazi nikapewa jibu la uongo. Mtu akiuziwa simu ya laini mbili ikakubali moja, mnamwambia anunue redio?

Mliosema "mwachie mumeo hilo, we chukua lake", nimewaona, na yeye amewaona, anacheka.

Aliyependekeza mkubwa akalie kile kikalio kitupu kisicho na mgongo ili kichwa kisiguse kioo: R129 haikubali kikalio kitupu kwa mtoto aliye chini ya sentimita 125. Wa kwangu ana miaka mitatu, mkuu, si mchezaji wa kikapu.

Na wewe wa gari la kukunja paa unayesema lako "linakubali kila kitu", tuwekee picha ya pale unaposhikizia mkanda wa juu. Nasubiri.

Sasa ninachotaka kwenu wenye 2+2 za aina yoyote, mpya au za zamani. Pigeni picha lile jedwali la kitabu na mliweke hapa, na mwaka wa gari. Halafu chukueni futi, mpime kutoka kwenye kikalio cha nyuma hadi kwenye paa au kioo kilipo juu yake, upana wa kikalio kati ya kingo na kingo, na kifungio kinachomoza kiasi gani kutoka kwenye shimo lake. Kama kuna kiti cha mtoto mmekifunga kikakaa bila kucheza zaidi ya sentimita 2.5 mkikitikisa pale mkanda unapopita, taja jina la kiti. Picha za gari lililotoka kuoshwa sizihitaji.