Nilimkemea ndugu mchanga kiimani mbele za watu, sasa haji tena. Nifanyeje?

Mlezi wa Kitangiri
Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Ninaongoza ibada ya nyumbani hapa Kitangiri, Mwanza, mwaka wa 6 sasa. Mwezi wa tatu kijana mmoja mvuvi wa dagaa aliokoka, akabatizwa. Alikuwa na njaa ya neno jamani! Biblia yake inanukia dagaa, kurasa zimejikunja kwa maji, na kila ukurasa kapigia mistari kwa kalamu nyekundu.

Shida ni kwamba Jumatano anakuja wiki mbili, anapotea wiki mbili. Halafu mama mmoja wa kikundi akasema amemwona baa kule Kirumba na wenzake wa mtumbwini. Jumatano iliyofuata nilifundisha habari ya uvuguvugu, nikamgeukia mbele ya watu 14: "Ndugu, chagua moja, Yesu au pombe." Hakujibu. Alifunga Biblia taratibu, akairudisha kwenye mfuko wa rambo, akakaa mpaka sala ya mwisho.

Hii ni wiki ya 5 hajaonekana, na simu hapokei. Najitetea kwamba nilisema kweli, ila usiku silali. Nimtafute, au nimwachie Roho Mtakatifu?

Mlinzi wa Lango
Mtumishi, usijilaumu. Chachu kidogo huchachua donge zima. Makanisa yamelegea kwa sababu viongozi wanaogopa kukemea.

Mama Igoma
Mpendwa hapo juu, maneno hayo Paulo aliwaandikia Wakorintho juu ya mtu aliyekuwa na mke wa baba yake, tena kanisa likajivuna. Huyu ni kijana wa miezi michache aliyeonekana amekaa baa. Mlezi, ulimuuliza alikuwa anafanya nini pale? Mathayo 18 inaanza na wewe na yeye peke yenu, kisha shahidi mmoja au wawili, ndipo kanisa. Wewe umeanzia mwisho.

Mzee wa Mwaloni
Mwanangu, nimevua dagaa miaka 19. Hesabu Jumatano alizokosa uone kama hazifuati mwezi. Dagaa tunawavuta kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka hawakusanyiki, ndipo tunapumzika. Ulidhani amepoa, kumbe yuko ziwani.

Pombe nayo nikuambie. Mimi niliokoka, na miaka 3 baadaye bado nilikuwa nakunywa. Tajiri wetu alikuwa anatuitia hesabu baa, na ukishapewa chako mkononi kuondoka mkavu ni kazi. Mwinjilisti mmoja alikuwa anakuja kambini saa 12 asubuhi, anavua viatu, anatusaidia kuanika. Harufu ya pombe anaisikia kabisa, hasemi kitu. Ananiuliza tu, "Umefikia wapi kusoma?" Siku nisiposoma ananisimulia yeye, huku anatawanya dagaa kwa mkono wasilaliane. Siku nilipoacha, yeye ndiye mtu wa kwanza niliyemtafuta nimwambie.

Nenda wiki hii, mwezi ni mkubwa, yupo nchi kavu. Usiende na mzee wa kanisa. Omba msamaha, kisha nyamaza.

Binti Nansio
Na msamaha huo uuombe pia mbele ya wale 14. Ndiko ulikomwaibishia.

Mlezi wa Kitangiri
Mrejesho. Nimehesabu, ni kweli, Jumatano zote alizokosa kabla sijamkemea zilikuwa za giza. Leo asubuhi nimepanda daladala mpaka Igombe, nimemkuta anashona wavu. Nimemwomba msamaha. Akakaa kimya muda mrefu, halafu akasema mwenyewe, sijamuuliza: "Mwalimu, nilikunywa bia mbili. Nilikuja Jumatano ile nikuambie, ukaniwahi."

Sikuwa na la kujibu. Nimekaa chini nikamshikia wavu mpaka saa 6 mchana. Hajasema kama atarudi, nami sikumuuliza. Wale 14 nitawaambia Jumatano hii, awepo asiwepo. Mzee wa Mwaloni, wabeja sana. Kesho narudi Igombe, amesema kuna wavu mwingine haujaguswa.