MREJESHO: Pingi kupanda ghafla Kigoma, kumbe njia ilibadilika
Wakuu, ile ishu yangu ya pingi (muda wa data kwenda kwenye seva na kurudi) ya seva ya Dar kuruka toka milisekunde 30 hadi 210 na spidi ya kupakua iko palepale, nimepata jibu. Nilipiga traceruti (komandi ya kuonyesha njia data inapopita) mlivyoniambia, kumbe pakiti, yaani vipande vya data, zinafika Dar, zinavuka bahari mpaka London ndo zinarudi Dar tena, yaani kama mtu atoke Ujiji kwenda Kibirizi, hapahapa Kigoma, apitie Bujumbura! Mtandao wangu na wa ile seva waliacha kubadilishana trafiki hapo Dar, BGP (mfumo wa mitandao kuchagua njia za data) ikachukua njia iliyobaki, yenyewe haijui milisekunde wala nini. Na kwenye faiba mwanga unaenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde, hauongezeki kasi hata ununue bando kubwa, kwa hiyo njia ndefu lazima ichelewe. Juzi wamerudisha kubadilishana trafiki Dar, sasa nasoma 34.