Lenzi ya 50mm gizani: tupeane uzoefu, nani alishawahi kumkosa bi harusi?

Mwembeni
Wakuu salaam. Jana nilikuwa mwalikwa tu kwenye harusi ya binamu yangu hapa Morogoro, kamera nimeiacha nyumbani. Ikafika zamu ya keki. MC akaamuru taa zizimwe, zikabaki fataki za mezani na taa mbili za zambarau. Pembeni yangu kijana mmoja mpiga picha, kamera ndogo, lenzi ya 50mm f/1.8. Naisikia lenzi inakwenda mbele, inarudi nyuma, zzz, zzz, haishiki kitu. Fataki zikaisha. Kijana akashusha kamera akabaki anaangalia sakafu. Moyo uliniuma, maana nami nimewahi kusimama palepale.

Yangu ilikuwa 2014. Nilikuwa na lenzi iliyokuja na kamera, ile 18-55mm, ambayo ukiivuta hadi mwisho tundu lake la kupitisha mwanga linaishia f/5.6. Namba ya f ikipanda, tundu linapungua. Siku ya harusi saa kumi jioni nikaazima hamsini ya rafiki, nikaambiwa hii inaona gizani. Na kweli inaona. Kutoka f/5.6 hadi f/1.8 unapata mwanga karibu mara kumi. Ambacho sikuambiwa ni kwamba ukifungua kote, na umesimama mita moja na nusu kutoka kwa mtu, sehemu inayotoka kali kwenye kamera kama yangu ni kama sentimita sita tu. Haifiki hata upana wa kiganja.

Nilipiga zaidi ya mia za kuvishana pete na kulishana keki. Usiku nafungua kompyuta: kola ya bwana harusi kali, nyuzi unazihesabu. Hereni ya bi harusi kali. Macho ya wote wawili, ukungu. Nilimpigia simu bi harusi mwenyewe, sikupitia kwa kamati. Alinyamaza muda, halafu akauliza, "Hata moja, kaka?" Ilikuwepo moja, ya mbali, ambayo kidole kilikuwa kimegusa gurudumu ikaenda f/2.8. Ndiyo iko ukutani kwao mpaka leo.

Leteni na zenu. Yule kijana huenda anasoma humu.

Bint Kisutu
Kola! Mimi nina harusi nzima ya kola.

Kitengela Pixels
Pole mkuu. Hamsini sio tatizo, tatizo ni kuacha kamera ichague yenyewe pa kushika. Ukiiachia, inashika kilicho karibu na chenye mistari: kola, kilemba, maua ya meza. Weka nukta moja tu ya fokasi, ya katikati. Kwenye kamera nyingi za bei ya chini ile ya katikati ndiyo yenye nguvu kuliko zote, inasoma mistari ya wima na ya mlalo, nyingine zinasoma upande mmoja tu. Kisha tafuta ukingo wa mwanga na giza usoni: miwani, nyusi, pale mwanga wa taa unapoishia kwenye pua. Ukiielekeza kwenye shavu lisilo na kitu itazunguka mpaka keki iliwe.

Fundi Vioo
Na asikae f/1.8 muda wote. f/2.2 au f/2.5 inatosha. Lenzi hizi ndogo zikifunguliwa kote hulegea kidogo kwenye ukali.

Mzee wa Filamu
Fundi, mtu kanunua f/1.8 ili akae f/2.5? Sisi tulipiga harusi na filamu ya 400, picha 36, hakuna kioo cha kuangalia nyuma. Vijana mnaogopa chenga, zile punje punje kwenye picha, kupita kiasi. Pandisha ISO, wepesi wa kamera kuona mwanga, hadi 6400 upate shata ya 1/125 ya sekunde watu wasitetemeke. Picha yenye chenga mtu atamtambua mama yake. Picha iliyotikisika hamtambui.

Fundi Vioo
Mzee shikamoo, lakini sijasema ashushe ISO. Nimesema afunge lenzi kidogo. Ni mambo mawili tofauti.

Mzee wa Filamu
Marahaba. Ukifunga lenzi lazima kitu kingine kilipe. Ndicho ninachosema.

Bint Kisutu
Yangu haikuwa ukumbini. Kicheni pati, sebule ya Sinza, akina mama arobaini na kitu, makochi yametolewa nje, taa moja ya LED katikati ya dari. Hamsini kwenye kamera yenye sensa ndogo, kile kipande cha ndani kinachopokea picha, inakaza, inakuwa kama 75 au 80. Nimerudi nyuma mpaka mgongo umegonga friji, bado napata kichwa na mabega tu. Mwali anakabidhiwa vyombo na shangazi zake watano, nami nawapata wawili wawili. Nikafungua mlango wa jikoni nikapiga kutoka karibu na jiko, moshi wa pilau unapita mbele ya kioo. Mama mmoja akanisogezea kigoda, akasema, "Panda hapo mwanangu, utupate wote." Nilipanda nikawapata kwa juu, vyombo vyote na kanga zote, nyuso tano zimeinama kwa mwali. Kesho yake nikaanza kuweka akiba ya 35mm. Wenye vyumba vidogo, 35 kwanza, hamsini baadaye.

Tabata Lens
Umesema kweli dada. 35 ndiyo macho ya nyumbani.

Njia Panda
Tusisahau na ya kwangu. Nilinunua hamsini ya mkononi Kariakoo, duka silitaji, muuzaji akaniambia inaingia kwenye Nikon yoyote. Kuingia imeingia. Fokasi haigeuki! Nimegundua nikiwa mlangoni mwa ukumbi, maharusi wanateremka kwenye gari, muziki umeanza. Usiku wote nimezungusha pete ya lenzi kwa mkono, jasho linaingia machoni. Katika picha mia nne nilitoa sitini.

Kitengela Pixels
Hiyo ilikuwa aina ya D. Hamsini ya D haina mota ndani, inazungushwa na mota iliyo kwenye kamera, na kamera ndogo kama D3100 au D5100 hazina hiyo mota. Mwenye kamera hizo atafute iliyoandikwa AF-S. Asome maandishi kwenye lenzi yenyewe, asisikilize mdomo wa muuzaji.

Njia Panda
Ndiyo hiyo hiyo, D. Laiti ningekujua mwaka ule.

Mkaazi wa Shangani
Nyie munazungumza kumbi, mie giza langu la Forodhani, Zanzibar. Jamaa wa pweza na mishikaki wana taa moja moja juu ya meza, nyuma yao bahari nyeusi tupu. Kamera ikiona weusi wote ule inadhani picha ni ya giza, inaongeza mwanga, uso wa mtu unaungua mweupe kama chokaa. Shusha kipimo cha mwanga, toa moja, yaani -1. Kila mara toa moja.

Tabata Lens
"Kila mara" hapana ndugu yangu. Ukimpiga bi harusi gauni limejaa fremu, kamera inaona weupe na kushusha yenyewe. Uso wake mweusi mzuri unazama, ukija kuuvuta kwenye kompyuta chenga zote zinatoka shavuni. Hapo unaongeza, hutoi.

Mkaazi wa Shangani
Mie nimesema Forodhani. Hakuna gauni Forodhani.

Tabata Lens
Umeandika kila mara.

Mwembeni
Wote mko sawa jamani. Pima uso, usipime kilichouzunguka. Tuendelee.

Voltage
Kuhusu LED za kumbini: umeme wetu ni hezi 50, taa nyingi za bei nafuu zinapepesa mara 100 kwa sekunde. Ukipiga 1/500 unapata picha moja nzuri, inayofuata ya njano, ya tatu ina mkanda mweusi. Rudi 1/100. Watu wakitulia, 1/50. Na zima shata ya kielektroniki kama kamera yako inayo, inaleta mikanda zaidi.

Bint Kisutu
Voltage asante. Miaka miwili nadhani kamera yangu mbovu!

Mvuvi wa Mwanga
Nimesoma kimya tangu asubuhi. Hii habari ya giza imenirudisha mbali, niacheni niandike yote.

Nilitaka picha za wavuvi wa dagaa, ziwani, usiku. Dagaa huvuliwa siku za giza, mwezi ukiwa mkubwa wanapumzika. Tuliondoka kisiwani Ukerewe jua limezama, watu watano na mimi, mtumbwi wa mota. Kamera na hamsini yangu nimeziweka ndani ya ndoo ya lita ishirini yenye mfuniko, nimefunga na mfuko wa unga.

Walishusha taa juu ya vielea, wakaziacha zisambae, wakasubiri dagaa wapande. Pale ndipo nilipoielewa hii lenzi. Taa iko chini, karibu na maji, nyuso zinamulikwa kutoka kidevuni kwenda juu, nyuma hakuna chochote. f/2, 1/60, ISO 3200, na bado nilishusha kipimo. Wadudu wa ziwani walikuwa wengi mno, wanatua juu ya kioo cha mbele, kila picha tatu nafuta kwa ncha ya fulana. Mtumbwi unapanda na kushuka, kwa hiyo nilikuwa nashika fokasi kisha nasubiri uso urudi palepale ndipo nabonyeza. Mzee anayeshika taa alikuwa na mikono imepasukapasuka, mkono wa kulia hauna kidole cha pili, na mwanga unapita kwenye lile pengo. Nilimpiga tisa.

Saa nane hivi upepo ukabadilika. Hawakupiga kelele, waliongea kidogo tu, nyavu zikaingia haraka, taa zikavutwa zikazimwa moja moja. Sijawahi kuona giza la namna ile. Wimbi la kwanza likatupiga ubavuni, mota ikazimika, ikakataa kuwaka. Maji ndani ya mtumbwi yamefika kwenye vifundo vya miguu. Nahodha akasema, "Ndoo."

Kulikuwa na ndoo mbili tu. Moja walikuwa nayo. Nyingine ilikuwa na kamera yangu.

Njia Panda
We! Ukafanyaje?

Bint Kisutu
Umetuacha majini kaka. Rudi.

Tabata Lens
Mlikuwa na maboya ya kuvaa?

Mzee wa Filamu
Muacheni kwanza amalize.

Tabata Lens
Mzee, swali la maboya ni la uhai. Watu wanazama ziwa hilo kila msimu.

Mvuvi wa Mwanga
Samahani, nilikuwa namlaza mtoto. Boya lilikuwa moja, walinivisha mimi kwa kuwa ni mgeni. Tabata, uko sahihi na sitaenda tena bila kila mtu kuwa na lake, ningewanunulia kabla ya kununua lenzi.

Niliifungua ndoo nikampa. Sikufikiri hata kidogo. Kamera nikaitia ndani ya fulana, chini ya boya, nikaanza na mimi kuteka maji kwa sufuria ya ugali. Tuliteka mpaka mikono ikafa ganzi. Alfajiri upepo ukalala, mtumbwi mwingine ukatuvuta. Kamera ilikufa palepale. Kadi ilipona.

Kitengela Pixels
Asante Mungu mko hai. Uliiweka kwenye mchele?

Fundi Vioo
Mchele tafadhali hapana. Unga wake unaingia kwenye pete za lenzi, na unyevu wa ndani hauutoi. Toa betri, toa kadi, fungua kila mfuniko, weka mbele ya feni mahali pakavu, usiiwashe siku kadhaa.

Njia Panda
Simu yangu iliponea kwenye mchele.

Fundi Vioo
Ilipona yenyewe ikiwa imelala kwenye mchele.

Mvuvi wa Mwanga
Nilitumia feni. Haikusaidia kamera, lenzi ilirudi. Picha ya yule mzee nilisafisha mbili, nikampelekea kwa mkono. Aliishika kwenye mwanga wa mlango, akaangalia ule mkono muda mrefu. Akaniambia hajawahi kuuona akiwa kazini, maana siku zote anaangalia maji.

Bint Kisutu
Nimetokwa na machozi ofisini.

Mwembeni
Mkuu, shikamoo kwa niaba ya wote.

Disko Leza
Nami niongeze dogo: kumbini msielekeze kamera kwenye leza za DJ. Moja ilinipita moja kwa moja kwenye lenzi, tangu siku hiyo sensa ina mstari wa kijani kutoka juu hadi chini. Fundi akasema dawa ni kubadilisha sensa, na bei yake ni kamera nyingine.

Kijana wa Flashi
Wakuu, flashi zipo. Elekeza darini, tatizo limekwisha.

Bint Kisutu
Dari la kitambaa cha zambarau utapata maharusi wa zambarau. Kwenye turubai la nje hakuna dari kabisa. Na MC kazima taa ili watu waone fataki, wewe unapiga radi.

Kijana wa Flashi
Basi ongea na MC mapema.

Bint Kisutu
Hilo nimekubali. Muombe sekunde kumi, taa za pembeni zibaki. Mnunulie soda kabisa.

Mgeni Humu
Shikamooni. Mimi ndiye yule kijana wa jana, Morogoro. Rafiki amenitumia huu uzi. Nina picha nne za keki zinazoshikika, nyingine hapana. Jumamosi nina harusi nyingine, ukumbi uleule. Nimeandika: nukta ya katikati, f/2.2, 1/100, napima uso. Naomba kuuliza, Mvuvi, ile hamsini bado unaitumia?

Mvuvi wa Mwanga
Marahaba mdogo wangu. Ninayo. Ukiizungusha karibu na sikio unasikia mchanga unasaga, na ikishika haikosei. Jumamosi fika mapema, kabla ya taa kuzimwa, simama pale utakaposimama, shika fokasi kwenye kisu cha keki, kisha hamisha lenzi iwe ya mkono. Usiguse tena mpaka wakate.

Mwembeni
Nipo Morogoro mpaka Jumapili, nitakuja kukushikia taa. Niandikie pembeni.