Bibi mwenye macho mekundu kaanza kunyooshewa vidole: familia ianzie wapi?

Mwana Kishapu: Wakuu, Usukumani mtoto wa jirani akifa, kikongwe mwenye macho mekundu ndiye wa kwanza kunong'onwa kuwa mchawi. Mpiga ramli akishamtaja, familia ikimbilie wapi: hospitali, polisi, au mganga mwingine amsafishe?

Daktari wa Kope: Mganga wa pili mtoeni kwenye hesabu. Kumpeleka "kusafishwa" ni kukiri mbele ya kijiji kwamba alikuwa na uchawi.

Macho yenyewe kwanza ni moshi. Kuni haba, watu wanapikia mabua ya pamba na kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa, ndani, bila dirisha, miaka na miaka. Kuna na trakoma, yaani vikope: maambukizi yakirudiarudia tangu utotoni, kope hupindia ndani na kukwaruza kioo cha jicho kila anapopepesa. Zikishapinda, mafuta ya tetracycline (mara mbili kwa siku, wiki 6) hayazinyooshi. Ni upasuaji mdogo wa ganzi. Msizing'oe kwa kibano, zikikatika zinaota fupi na ngumu, zinachoma zaidi. Na matone yenye steroidi ya kujinunulia dukani ni mtego: wekundu unapungua huku presha ya jicho ikipanda kimyakimya.

Kifungu cha 23: Vitisho havisubiri kliniki. Leo hii mtendaji wa kijiji aandikiwe, kisha polisi, mchukue RB (namba ya taarifa yenu kituoni). Tajeni nani kasema nini, lini, mbele ya nani. "Wanamsema vibaya" haifungui jalada. Sheria ya Uchawi ipo tangu 1928, lakini haimruhusu mtu kuua. Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilishasema mwaka 1951: kuamini tu kwamba marehemu alikuwa mchawi si utetezi. Na walioungana kwa nia moja, hata asiyeshika panga, kesi ni ya wote.

Mama Mirathi: Mmesahau shamba. Ni mjane? Angalieni nani anarithi akiondoka. Ramli mara nyingi inapita njia hiyohiyo. Ombeni halmashauri ya kijiji hati ya hakimiliki ya kimila kwa jina lake mwenyewe, si la shemeji.

Mwana Kishapu: Asante. Jiko banifu lenye bomba litafaa nyumba ya nyasi?

Daktari wa Kope: Bomba la moto likigusa nyasi, paa linaungua. Mjengeeni kibanda cha kupikia pembeni, kilicho wazi pande mbili. Na usiku asilale peke yake.