Naomba ushauri: binti kakubali kuhojiwa kwa jina lake, tumtaje?

Wakuu, shikamooni wakubwa zangu. Mimi ni mwalimu mlezi wa klabu ya habari kwenye sekondari moja hapa Tanga mjini. Watoto husoma taarifa paredi ya asubuhi na kubandika gazeti la ukutani kila Ijumaa. Simu haziruhusiwi, kwa hiyo redio yetu ni mdomo.

Sasa wanataka kuandika kuhusu ruhusa ya Novemba 2021 ya wasichana waliojifungua kurudi shule za serikali. Wengi, wazazi wakiwemo, bado wanadhani ukipata mimba ndiyo basi. Binti mmoja aliyerejea kakubali kuhojiwa, tena kwa jina lake. Ni jasiri, lakini ana miaka 17, na maneno ya vijiweni mnayajua. Wanaklabu wanasema bila jina hakuna atakayeamini. Mimi naona habari ni ile ruhusa, si yeye. Mama yake karidhia. Mkuu wa shule kakaa kimya (bora angekataa nijue moja).

Mliowahi kulea klabu kama hizi, mlimtaja mhusika au mlimficha? Na kwenye shule ambayo kila mtu anamjua aliyerudi, kuficha jina kunasaidia kweli?