Naomba ushauri: kujenga kwenye ardhi ya ukoo wa mke, Sumatra Magharibi, Indonesia

Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Mimi ni Mtanzania, nimeoa Mminangkabau, kabila la huku, na tunaishi kijijini kwao, Agam, si mbali na Bukittinggi.

Mama mkwe ametuonyesha kiwanja kando ya majaruba ya mpunga. Mfereji unapita hapo hapo, na kuna mdalasini mmoja nimeshaonywa nisiuguse. Tatizo ni kwamba ardhi yenyewe ni pusaka tinggi, mali ya ukoo inayorithiwa upande wa wanawake, na haiuzwi hivi hivi. Mjomba wa mke wangu, ambaye ndiye msemaji wa ukoo, kasema jengeni tu. Kwa mdomo! Nilipogusia maandishi alicheka, akanijazia kifuu cha kahawa ya majani ya mibuni, mazungumzo yakaishia hapo.

Mimi mgeni siwezi kupata hati ya umiliki kamili, sheria ya ardhi ya Indonesia ya 1960 hairuhusu. Nimemuona mwanasheria: anasema hata mke wangu atabanwa akinunua kiwanja chake, kwa kuwa hatukufunga mkataba wa kutenganisha mali, hivyo kitahesabika ni changu pia. Ila tangu uamuzi wa Mahakama ya Katiba wa 2016, mkataba huo unaweza kufungwa hata baada ya ndoa.

Naombeni mnisaidie haya mawili. Kuna aliyewahi kuandikiana na ukoo kuhusu gharama za nyumba bila kuonekana hawaamini wakwe? Na kama ni wewe, ungejenga hapo, au ungefunga mkataba kwanza mkatafute kiwanja nje ya mali ya ukoo?