"Sababu za kibinadamu" maana yake nini hasa?

Mkaguzi_Zamu: Wakuu, ripoti za ajali huandika "chanzo: sababu za kibinadamu". Ni lugha ya kistaarabu ya kusema fulani kazembea?

Bisibisi: Hapana, na ripoti inayoishia hapo haijamaliza kazi. Hii ni taaluma: inachunguza jinsi mwili na akili ya mtu vinavyokutana na kifaa, kazi na mazingira. Inauliza kwa nini kosa lilikuwa rahisi kufanyika.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, marubani wa B-17 (ndege ya Marekani ya kudondosha mabomu) walikuwa wakitua salama, halafu wanakunja magurudumu badala ya flapu (vibamba vya nyuma ya mabawa), ndege inalalia tumbo. Swichi zilikaa jirani na zilifanana. Mwaka 1943 mwanasaikolojia Alphonse Chapanis akashauri kishikio cha magurudumu kipewe umbo la gurudumu, cha flapu umbo la kabari. Mkono unatambua hata jicho likiwa kwingine.

Tete: Hospitalini vilevile: mrija wa chakula kuunganishwa na wa mshipa. Lebo husaidia kidogo, maana inamtegemea mtu aisome saa tisa usiku. Viungio vya mirija vinavyofuata ISO 80369 (kiwango cha kimataifa), vya matumizi tofauti, vimeundwa visishikane. Badilisha umbo kwanza. Mafunzo yaje mwisho (wakubwa hupenda kuanzia huko, ni rahisi).

Mkaguzi_Zamu: Kwenye fomu niandike nini basi?

Bisibisi: Kinachopimika: "swichi mbili zinazofanana, umbali sentimita 3, taa moja imeungua, saa ya kumi ya zamu." Neno "uzembe" lifute.